Ncha ya Pili ya Kamba

Tarehe 4 Februari

Babu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekalia kile kiti chako kinachoyumba, ulichokataa kisirekebishwe. Sisi huku wazima. Goti la mama limeanza kukubali ngazi. Mdogo wangu amefaulu mtihani wa udereva mara ya tatu, na sasa anatuendesha kila mahali, hata tusikotaka kwenda. Mimi nimehamia chumba kipya: dirisha moja, jirani anayepiga chafya kama mlango unaobamizwa, na meza hii ninayokuandikia. Ningekupigia simu, lakini ile tuliyokununulia uliirudisha, ukasema inaita hata mtu akiwa chooni.

Sasa nikuambie lililonifanya niandike. Nimepata kazi kwenye karakana inayotengeneza vitu vya filamu: ndoo, viti, mapanga ya mbao, kila kitu kinachoshikwa na waigizaji. Filamu tunayoitengenezea inatokana na riwaya ya kihistoria. Ni habari ya baharia wa miaka mia mbili iliyopita. Meli yake ilivunjika, bahari ikamtupa kisiwani, akakaa huko peke yake miaka minne. Bosi wangu ni mama mmoja ambaye karakana nzima tunamwita Msumari. Alipouliza nani anajua chochote kuhusu maisha ya namna hiyo, niliinua mkono kabla hajamaliza. Nikasema babu yangu mwenyewe alikaa kisiwani siku arobaini na moja, peke yake, gazeti likaandika, na mpaka leo mtaa mzima unamwita Mzee Kisiwa. Babu, walinisogezea kiti.

Wana maswali mawili. La kwanza ni la Msumari. Kitabuni yule baharia anajisokotea kamba ya magome, na Msumari hataki kuona kamba ya dukani. Ile iliyoning'inia juu ya mlango wako uliisokotaje?

La pili ni la mwigizaji mwenyewe, kijana mpole mwenye mikono laini kama ya karani. Amesema: "Muulize babu yako, mtu akiwa peke yake kabisa, siku yake inaanzaje? Anaamka, halafu?" Anasema kitabu kimeeleza mengine yote isipokuwa hilo.

Nimekufungia na kitabu. Maandishi yake ni makubwa.

Mjukuu wako, yule unayesema nimechukua pua ya bibi

---

Tarehe 2 Machi

Mjukuu wangu mwenye pua ya marehemu bibi yako,

Marahaba. Barua yako ilifika nikiwa nanyoa ndevu, nikaacha shavu moja nikasoma. Mimi mzima. Jino moja limeng'oka, lakini lilikuwa jino la uvivu, halikutafuna kitu tangu mwaka juzi. Muuza dawa wa hapa jirani anadai presha yangu imepanda. Nimemwambia mashine yake ndiyo mgonjwa. Mwambie mama yako goti lisibembelezwe, goti ni kama mtoto, ukilisikiliza sana linadeka. Huyo dereva mwambie babu yake aliendesha lori bila kufanya mtihani wowote, na mti niliougonga ulikuwa umepandwa vibaya.

Barua hii nimeiandika siku tano. Usicheke. Shule nilikaa miaka miwili tu, herufi nyingine nilizijua kwa kusoma makopo ya rangi melini, maana kazi yangu ilikuwa kukwangua kutu na kupaka rangi. Mpaka leo "koroga vizuri kabla ya kutumia" naiandika haraka kuliko jina langu.

Sasa sikiliza, na umsomee huyo Msumari. Meli ilikuwa imebeba saruji na mabati. Ilipanda mwamba alfajiri, ikapasuka kama embe. Mimi nikashika mlango wa jiko la meli, na mlango ukanifikisha. Kisiwa chenyewe kidogo, unakizunguka kabla chai haijapoa. Nilikunywa maji ya mvua niliyoyakinga kwa koti. Nilimkamata kaa mkubwa kama sinia, akanishika kidole, nami nikamshika, tukaangaliana, akaona ameshindwa. Saa ilikuwa imeingia maji ya chumvi. Nikaifungua kwa mwiba, nikapanga vigurudumu vyake juu ya jani, nikavikausha, nikavirudisha kimoja kimoja, saa ikatembea. Muulize huyo baharia wa kitabu kama aliweza hilo.

Kamba ni hivi. Unachuna magome ya vile vichaka vyenye majani mazito, unayaloweka kwenye maji ya bahari siku nne, unayaponda mpaka yabaki nyuzi. Kisha unazipeleka upande wa mchanga mweupe. Upande huo hauna mti wala jiwe la kukalia, na hilo ndilo jambo la maana, kwa sababu nyuzi mbichi zikigusa mwiba zinachanika. Hapo unasokota, huku unarudi nyuma hatua moja moja, unakaza, unarudi, unakaza, mpaka kamba inafika hatua thelathini. Haigusi ardhi hata mara moja. Ni rahisi kwa mtu mwenye akili.

Nimekukatia shubiri mbili za ile ya mlangoni uwaonyeshe. Sijawahi kumkatia mtu. Hata mkuu wa bandari aliniomba nikamnyima.

Kuhusu swali la huyo kijana, mwambie mwanamume akiamka ameamka. Ana mambo mengi ya kufanya. Nimeshakueleza habari ya kaa?

Kitabu nimeanza. Nasoma ukurasa mmoja kwa siku, na sioni sababu ya haraka, maana yeye mwenyewe alikaa miaka minne.

Babu yako, wa kisiwani

---

Tarehe 20 Machi

Babu,

Shikamoo, na pole kwa jino. Mama anasema habari ya lori anaikumbuka tofauti kidogo, lakini hakutaka niandike. Jirani yangu wa chafya ameanza kujifunza tarumbeta.

Barua yako niliisoma mbele ya karakana nzima. Kaa alipigiwa makofi. Msumari akasema, haya, tufanye kama alivyosema mzee. Tukaloweka magome siku nne, karakana ikanuka mpaka fundi rangi akahamia uani. Tukaponda. Halafu nikaanza kusokota huku narudi nyuma kama ulivyoeleza, na hapo ndipo nilipokwama. Nikirudi nyuma, kamba yote inanifuata, kwa sababu hakuna kinachoishika upande wa pili. Nikaifunga kwenye nguzo. Ikajikunja, ikajaa mafundo, maana nguzo haizunguki. Kile kipande chako kimenyooka kama kimepigwa rula. Halafu nikakumbuka ulisema kule hakukuwa na mti wala jiwe, na kamba haikugusa chini.

Kwa hiyo, Babu, nauliza kwa kutaka kujua tu. Ncha ya pili ilishikwa na nini?

Na kuna hili la saa. Usinikasirikie. Saa yako ya ukutani ikiisha betri huwa unaitisha majirani.

Nina habari nzuri pia. Mwongozaji wa filamu ameona picha ya mikono yako, ile uliyopigwa ukiwa umeshika kikombe. Anataka mwezi wa saba uje, mikono yako ndiyo ipigwe picha ikisokota kamba, kwa sababu ya huyu mwigizaji ni ya karani. Watu wataiona kwenye ukuta mzima wa sinema.

Mjukuu wako

---

Tarehe 11 Aprili

Mjukuu,

Marahaba. Mimi mzima, kiti kizima, mtaa mzima.

Nimefika ukurasa wa thelathini na tisa. Huyo baharia anapanda juu ya jiwe anaihutubia anga. Anaiuliza anga maswali. Aliyeandika hajawahi kukaa hata stendi peke yake. Mtu wa kisiwani hahutubii kitu. Mimi niliongea na kiatu, tena kwa kifupi.

Mikono yangu kutakiwa na sinema sishangai. Nimemwonyesha muuza dawa barua yako, akasoma mara mbili.

Hilo lingine la ncha sikulielewa. Mtu anaelezwa kazi kutoka kwa mwenye kazi, halafu anakuja na maswali ya polisi. Ulipokuwa mdogo nilikufundisha kufunga kamba za viatu, hukuniuliza nani alishika ncha ya pili. Kama kamba imewashinda, nunueni ya dukani. Na kile kipande changu nirudishie.

Saa ya ukutani ni ya kisasa, haihusiani.

Babu yako

---

Tarehe 29 Aprili

Babu,

Shikamoo. Mama amepata kazi ya kushona mashuka ya hospitali, anaifanyia nyumbani, kwa hiyo tunaishi ndani ya mashuka. Yote mengine salama.

Kipande chako nimekifunga humu. Nisamehe kama nilikuuliza kama polisi. Lakini kabla sijakifunga, Msumari alikichukua akakaa nacho dirishani. Huyu mama amesuka kamba za majukwaa miaka thelathini. Alikifumua kidogo kwa sindano, akasema: "Hii wameisokota watu wawili. Mmoja ni mashoto." Akanionyesha jinsi nyuzi zinavyobanwa na mikono miwili tofauti. Nilitazama lakini sikuona kitu. Yeye aliona, na hakuwa na sababu ya kudanganya. Hajui lolote kuhusu sisi.

Nilirudi chumbani nikafikiria mtu mmoja tu mashoto ninayemjua wa rika lako. Ni mdogo wako, yule babu yetu fundi saa, mwenye kibanda karibu na soko. Tulikatazwa kupita mbele yake tangu tukiwa watoto. Nilikuwa nikichungulia. Anashika koleo lake dogo kwa mkono wa kushoto. Sisi tuliambiwa mligombana kwa sababu ya bibi, kwamba nyote wawili mlimtaka. Mama naye ndivyo alivyoambiwa.

Sikuulizi kitu. Nakueleza tu jambo moja la kazi. Mwisho wa filamu wataandika jina lako, kwamba kamba ilisokotwa kwa maelekezo ya mzee aliyeishi kisiwani peke yake siku arobaini na moja, na watachapisha lile gazeti lako la kwenye fremu. Mimi ndiye ninayetakiwa kuweka sahihi kwamba habari ni ya kweli. Mwisho ni tarehe thelathini Juni.

Niweke?

Mjukuu wako

---

Tarehe 6 Juni

Babu,

Shikamoo. Wiki tano hujajibu. Najua u mzima kwa sababu mama alimpigia muuza dawa. Amesema umekula, umenyoa, na kila asubuhi unakwenda sokoni, unasimama ng'ambo ya kibanda cha saa, hununui kitu, unarudi. Juzi ulisimama mpaka muuza viazi akakuletea kigoda.

Kitabu umefika wapi?

Mjukuu wako

---

Nimeanza tarehe 9 Juni, nimemaliza tarehe 17

Mjukuu wangu,

Marahaba. Viazi vya yule jamaa ni vibovu, ndiyo maana sikununua. Mashuka ya hospitali mwambie mama yako asishone pindo jembamba, yatamrudia.

Kitabu nimefika pale baharia anaona tanga kwa mbali. Nimesimama hapo, sifungui ukurasa. Nitaufungua nikimaliza kuandika hii.

Huyo Msumari ana jicho. Usimwambie nimemsifu.

Tulikuwa wawili. Mdogo wangu alipanda ile meli bandari ya pili kwa mlango wa nyuma, akachukua kazi ya msaidizi wa mpishi aliyeugua. Jina lake halikuandikwa popote. Nyumbani walijua yuko mji mwingine anajifunza useremala. Aliyeshika mlango wa jiko ni yeye. Mimi alinivuta kwa kola. Koti la kukinga mvua lilikuwa lake. Saa aliifungua yeye, kwa mwiba, nami nikashika jani lisipeperuke. Kaa alikuwa wangu. Huyo kaa sitamtoa.

Kamba tulisokota wote. Yeye ncha hii, mimi ncha ile, yeye akizungusha kwa mkono wake wa kushoto, mimi kwa wa kulia. Tukirudi nyuma tulikuwa tunaachana mpaka sauti haifiki vizuri, inabidi kuinua mkono kuonyesha kaza au legeza. Nilikuwa najua anachotaka kwa jinsi kamba inavyotikisika tu.

Kamba ilikuwa ya kufungia chelezo. Tulikusanya mbao za meli na magogo, tukafunga, tukapata kitu cha kukalia watu wawili kwenye maji. Siku ya ishirini na tisa upepo ulikuwa mzuri. Akasema, twende. Nikasema mguu unaniuma. Akaukagua mguu, akaubonyeza, akaniangalia. Haukuwa unauma. Niliogopa. Hilo neno nimeliandika mara tatu nikalifuta, sasa naliacha.

Akanikatia kipande cha kamba kilichobaki, akaniwekea na saa, akasema atarudi na watu. Akaenda.

Kwa hiyo peke yangu nilikaa siku kumi na mbili. Na hizo ndizo sijawahi kumsimulia mtu, hata bibi yako, kwa sababu hazina hadithi. Yale yote ninayosimulia ni ya tulipokuwa wawili. Sasa mwambie huyo kijana mwigizaji jibu lake. Unaamka, halafu unageuka upande ule alipokuwa analala mwenzako umwambie ulichoota. Ndivyo siku inavyoanza. Ukishageuka, siku imeshakwisha, kilichobaki ni jua kuzunguka. Kaa wanapita miguuni, huwakamati. Nilikaa nimeshika kile kipande cha kamba, nakivuta kidogo, nasubiri kivutwe.

Mashua ilikuja siku ya arobaini na moja. Ndani alikuwemo mtu wa gazeti mwenye kamera. Wao waliambiwa tu na ofisi ya bandari kwamba kuna mtu kisiwani. Hawakujua ni nani aliyepeleka habari. Mtu wa gazeti akaniuliza, "Ulikuwa peke yako?" Nikasema ndiyo. Siku hiyo ilikuwa kweli. Nilidhani amekufa. Nikisema tulikuwa wawili, swali linalofuata ni wa pili yuko wapi, na kwa nini hukwenda naye. Basi nikasema ndiyo. Akauliza kuhusu kamba, maji, saa. Nikajibu kila kitu, na kila jibu likawa langu.

Wiki sita baadaye alirudi, amekonda kama fagio. Alifika nchi kavu hajitambui, wavuvi wakamwokota. Alichowahi kusema ni kwamba kuna mtu kisiwani, homa ikamlaza. Akaingia nyumbani akakuta gazeti limeshawekwa kwenye fremu, majirani wamejaa, na babu wa mama yako ameshasema binti yake ataolewa na mwanamume aliyeishinda bahari peke yake. Ndiyo, huyo bibi yako. Mdogo wangu hakuwahi kumtaka, hayo maneno ya kugombea mwanamke niliyaacha yazagae kwa sababu yalikuwa na heshima kuliko ya kweli. Alisimama akasoma gazeti lote, na yeye alisoma shule kuliko mimi. Akalinyoosha fremu, ilikuwa imekaa upande. Akasema, "Vizuri." Akatoka. Sijaisikia tena sauti yake miaka hamsini na mbili. Akaenda kujifunza saa.

Hakuwahi kumwambia mtu. Ndicho kinachonisumbua. Angesema, ningekana, tungepigana, tungemaliza.

Sahihi usiweke. Ukiweka utakuwa umesokota na wewe.

Babu yako

---

Tarehe 25 Juni

Babu,

Shikamoo. Nimeisoma peke yangu, mlango umefungwa, tarumbeta la jirani likilia. Sikumsomea mtu, hata mama. Mwigizaji nimempa jibu lake tu, bila kumwambia limetoka wapi. Kesho yake kwenye mazoezi aliamka, akageuka upande mmoja, akabaki ameangalia mchanga mtupu. Mwongozaji akafuta kurasa mbili za hotuba za kuiuliza anga. Ulikuwa sahihi.

Sahihi sikuweka. Nimewaambia habari ya gazeti ina sehemu ambayo si yangu kuisema. Msumari aliitikia kwa kichwa tu, akaendelea kupiga nyundo.

Mikono bado wanaitaka, tarehe ishirini Julai. Kamba bado inahitaji watu wawili. Naweza kuishika mimi ncha ile nyingine, ukitaka. Nimejifunza.

Sasa kazi kwako, Babu.

Mjukuu wako

---

Tarehe 8 Julai

Mjukuu wangu,

Marahaba. Sisi huku wazima, na nikisema sisi usishangae, utasoma.

Kitabu nimekimaliza. Tanga lilipokaribia, baharia alikimbilia majini akipiga kelele. Inawezekana. Watu hawafanani.

Kushika kwako ncha nakushukuru, lakini mikono yako bado michanga. Jumatatu nilichuna magome ya ule uzio wa shule, mlinzi akanifukuza, nikarudi akiwa anakunywa chai. Nikaloweka ndoo nzima kwa maji ya chumvi, nikaponda, muuza dawa akaja kuuliza kama ninatengeneza sumu. Jana asubuhi nikabeba ndoo mpaka kwenye kibanda cha saa. Mara hii nilivuka barabara.

Alikuwa ameinama, lenzi jichoni, saa ya mtu imefunguliwa mbele yake. Mama mmoja amekaa anasubiri na saa ya ukutani mapajani. Hakuinua uso. Akasema, "Saa gani?"

Nikasema, "Sikuleta saa."

Mkono wake ukasimama. Kisha ukaendelea. Akasema, "Hapa ni kwa saa tu, mzee."

Nikaweka ndoo mezani, ikamwagikia karatasi zake. Nikasema, "Mjukuu wako anataka kamba."

"Mjukuu wangu yupi?"

"Mwenye pua ya bibi yake. Yule aliyekuwa anakuchungulia."

Akasema, "Huyo namjua. Alikuwa anajificha nyuma ya mafungu ya viazi, anadhani simwoni." Halafu akairudisha ile saa, gurudumu moja moja, mpaka ikatembea, akaifunga. Hakunikaribisha kiti. Nilisimama na mguu wangu, ambao siku hizi unauma kweli.

Nikasema, "Nimemwambia kwamba tulikuwa wawili."

"Umemwambia nani?"

"Mjukuu."

"Kwa barua?"

"Kwa barua."

"Wewe unajua kuandika?" Akacheka kidogo kwa puani. Yule mama wa saa ya ukutani akasema, "Mzee, mimi nina haraka." Akamwambia, "Subiri, mama, huyu nilianza kumsubiri mimi kabla hujazaliwa."

Basi nikamuuliza. Nikasema, miaka yote hii, ungeweza kusema neno moja tu sokoni, mtaa mzima ukanicheka. Kwa nini hukusema?

Akavua lenzi. Jicho lake moja limekuwa dogo kwa ile kazi. Akasema, "Ulisema ulikuwa peke yako. Nikakuacha peke yako."

Nikaisukuma ndoo karibu yake.

Akaingiza mkono wa kushoto kwenye ndoo, akanusa nyuzi, akasema nimeziponda vibaya. Nikamwambia hazikupondwa vibaya, yeye ndiye pua imezeeka. Akachukua ncha, akatoka nje ya kibanda. Mimi nikashika nyingine. Tukaanza kurudi nyuma, yeye upande wa soko, mimi upande wa fundi cherehani. Watu wakapisha. Ile kamba ilipotikisika mkononi nilijua anasema kaza.

Nilipofika mlangoni kwa fundi cherehani, akaninyooshea shingo. Akasema, "Mzee Kisiwa, mnafanya nini barabarani?"

Nikasema tunasokota kamba, kama ile ya kisiwani.

Akasema, "Kwani kisiwani mlikuwa wawili?"

Walikuwepo wengi pale. Muuza viazi, mlinzi wa shule na kikombe chake, wanawake wawili waliokuja kupima nguo. Wote hao nimewasimulia kaa. Nikaangalia upande wa pili, mdogo wangu yuko mbali, hasikii, amekaza ncha anangoja.

Nikasema, "Tulikuwa wawili. Kwenda kuita watu alikwenda yeye."

Fundi cherehani akasema, "Na yule kaa?"

"Kaa ni wangu," nikasema. Akarudi kwenye cherehani yake. Leo asubuhi mtu mmoja ameniita Mzee Nusu Kisiwa. Nitazoea, au atazoea yeye kutosalimiwa.

Tarehe ishirini tunakuja wote. Tupangieni chumba kimoja, lakini vitanda viwe mbali, yule anakoroma tangu kisiwani. Mwambie Msumari kamera ikae upande wake. Mikono ya kuonekana ni ya kwake. Mimi nitakuwa kwenye ncha ile nyingine, nje ya picha, na waelewe kwamba bila ncha hiyo hakuna kamba. Huyo kijana aanze kupiga mswaki kwa mkono wa kushoto, ili watu wasione tofauti.

Na mwisho wa filamu yaandikwe majina mawili. La kwake litangulie. Langu waliandike kwa herufi kubwa kidogo, kwa sababu ya macho yangu.

Babu yako
na babu yako mwingine, ambaye amesoma barua hii yote kabla sijaifunga na kusema maneno ni mengi mno